Mechi Niliyotumwa Kuitazama Durban

Baba yangu ndiye aliyenituma. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti kwa sababu ya kisukari, na tangu hapo safari yake ndefu kuliko zote ni kutoka kitandani hadi barazani. Alibakiwa na hamu moja tu, kumwona mdogo wangu Selemani akirusha mpira. Kwa kuwa yeye hakuweza kwenda, aliniambia niende mimi nikamtazamie.

Wengi wenu mnaijua besiboli kwa kuipita tu kwenye televisheni, kwa hiyo niseme kidogo ilivyoingia nyumbani kwetu. Baba alikuwa fundi seremala wa shule ya sekondari hapa Morogoro. Alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani kufundisha hesabu, akaja na mfuko wa glavu, akamwomba Baba amchongee magongo. Baba alichonga ya mninga, akasimama pembeni kuona yanavyotumika, na mchezo ukamkaa. Mjapani alipomaliza miaka yake miwili na kurudi kwao, Baba ndiye aliyebaki na wachezaji. Mimi niliandika matokeo. Sele ndiye aliyekuwa mrushaji, yaani yule anayesimama katikati, juu ya tuta dogo la udongo, na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Watu wazima walikuwa wakiacha shughuli zao kuja kumwona.

Miaka tisa iliyopita Sele alikwenda Durban kutafuta maisha. Alipata klabu ya kuchezea huko, na kila Jumapili jioni alimpigia Baba simu na kumsimulia mechi ya Jumamosi, mpira kwa mpira: nani alisimama kupiga, upepo ulikuwa unatoka wapi, mpira upi ulimdanganya nani. Baba alisikiliza amefumba macho. Majirani walizoea kutokuja kwetu saa hizo.

Jumatatu alfajiri, kituo cha mabasi cha Msamvu. Mimi ni mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Desemba. Baba alikuwa amenisisitiza nisimwambie Sele kwamba naenda. Alitaka kijana aingie uwanjani, ainue macho na kumwona dada yake jukwaani. Alikuwa ameipanga picha hiyo kichwani kwa miezi mingi, na usiku wa kuamkia safari alinirudia mara tatu nitazame nini: anavyoweka mguu, kiwiko kikae wapi, na uso wake mpira wake unapopigwa.

Kutoka Morogoro hadi Tunduma ni siku nzima ya kukaa. Tulipita Mikumi jua likichomoza, tukapanda mlima wa Kitonga, tukafika mpakani miguu imevimba. Jumanne nilivuka kwa miguu upande wa Zambia, nikapanda basi la Lusaka. Sikumbuki mengi ya Zambia ila urefu wake, miti isiyokwisha, na mama mmoja aliyenigawia viazi vitamu vya kuchemsha bila sisi kuelewana hata neno.

Jumatano, Lusaka. Hapo ndipo nilipovunja agizo la Baba. Nilijiona niko mbali na kwetu, na Durban yenyewe sikuijua hata kituo cha kushukia. Nilimpigia Sele nikamwambia niko njiani, ninakuja kuitazama mechi ya Jumamosi.

“Dada, ungeniuliza kwanza,” alisema.

Nilimwambia ni Baba. Akasema haya, njoo, nitakupokea. Nilikata simu nikiwa nimekasirika kidogo. Nilidhani ana mwanamke asiyetaka nimwone.

Alhamisi tulipita Harare, na usiku tukawa Beitbridge, mpaka wa Zimbabwe na Afrika Kusini, kwenye foleni ambayo sitaieleza kwa sababu aliyewahi kuisimama anaijua na ambaye hajaisimama hataamini. Ijumaa asubuhi nilibadili basi Johannesburg. Kuanzia hapo nchi ilikuwa tambarare ya mahindi kwa saa nyingi, kisha ghafla ikakatika na tukaanza kuteremka milimani. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyoongezeka. Tulipokaribia Durban nilisikia hewa ya Dar es Salaam, ile hewa nzito yenye chumvi, na nikafurahi kama mtu aliyefika kwa ndugu.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Sele alikuwa kituoni. Amekonda, na ndevu zake zina mvi ambazo mimi mkubwa wake sina. Aliniamkia, akanikumbatia kwa mkono mmoja. Alichukua begi langu kwa mkono wa kushoto, na tulipopanda taxi, ambayo kule ni kile kibasi cha abiria, akalipakata kwa mkono huohuo. Niliona. Nikajiambia mrushaji anautunza mkono wake siku moja kabla ya mechi, na nikapanga kwenda kumsimulia Baba, maana angependa kusikia hivyo.

Anaishi Greyville, kwenye ghorofa la zamani karibu na uwanja wa mbio za farasi, katika chumba kimoja cha nyumba ya mama wa Kikongo aitwaye Maman Clarisse, mjane wa makamo anayeshona nguo sebuleni. Alinipokea vizuri kupita kiasi, kama watu wanavyompokea mfiwa.

“Karibu ku nyumba, dada,” alisema. “Unakuwa umechoka. Iko sombe, iko fufu. Utakula kwanza, mambo ingine itangoja.”

Tulikula. Sombe ni kisamvu chetu, na fufu ni ugali wa muhogo. Sele alikula kidogo. Nilimpa salamu za nyumbani, nikamweleza habari za mguu wa Baba, nikamwambia Baba anataka nimwangalie kiwiko. Alitabasamu akitazama sahani. Kisha alisema kesho ataondoka mapema kwenda kuandaa, mimi nije na Maman Clarisse, tukae jukwaa lenye kivuli.

“Mimi utaniona baadaye,” alisema, na akaaga kwenda kulala ilhali nje bado kulikuwa na mwanga.

Maman Clarisse alibaki anakusanya vyombo polepole. Alinieleza kwamba Sele ni mtu mzuri, kwamba mumewe alipofariki Sele ndiye aliyekaa mlangoni kupokea wageni siku zote za msiba. Akafungua mdomo kama anayetaka kuendelea, kisha akafungua bomba la maji.

Jumamosi, saa nne asubuhi. Tulipanda taxi kupitia Overport, maduka yakifunguliwa na harufu ya mchuzi wa Kihindi ikitoka milangoni, kisha barabara ikapanda kuelekea Westville ambako nyumba zimejificha nyuma ya miti na karibu hakuna anayetembea kwa miguu. Dereva alitushusha kwenye robot, yaani taa za barabarani, tukamalizia kwa kutembea. Uwanja ulikuwa bondeni: nyasi za kijani, udongo mwekundu umesawazishwa kama kitambaa kilichopigwa pasi, mistari ya chokaa imenyooka. Nimekulia kwenye uwanja wa vumbi tuliochora mistari kwa majivu. Machozi yalinijia kwa uzuri ule, na nilisikitika kwamba Baba hauoni.

Watu hawakufika mia mbili. Wenyeji walivaa bluu. Baba alishaniambia namba ya Sele, kumi na saba, na wenyeji walipoingia uwanjani niliitafuta. Niliiona. Aliyeivaa alikuwa kijana mrefu, mwembamba wa kiuno, ambaye sikuwahi kumwona maishani. Alipanda kwenye tuta la mrushaji, akachimba udongo kwa ncha ya kiatu, akaanza kurusha mipira ya kupasha moto.

Nilimuuliza Maman Clarisse kwa nini leo jezi ya Sele wamempa mwingine. Alisema yule anaitwa Lwazi. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

Mchezo ulianza, na Lwazi alikuwa mrushaji wa ajabu, siwezi kumnyima haki yake. Katika besiboli kila timu hupiga kwa zamu, duru tisa, na mrushaji akiwa na siku njema wapigaji wanakuja na kurudi kukaa bila kugusa mpira. Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na mpira mmoja uliokuja polepole na kuzama chini wakati mpigaji amekwisha kufyeka hewa. Niliufahamu mpira ule. Nilikuwa nimeusikia Jumapili nyingi kwenye simu, ukielezwa na sauti ya mdogo wangu. Pia niliufahamu mtindo wa kugusa kofia kabla ya kurusha, na hasira ya kupiga ngumi kwenye glavu. Vyote Sele alikuwa amemsimulia Baba kuwa ni vyake. Nilikaa nikiyaona haya moja baada ya jingine, na bado moyo wangu ulikuwa unatafuta maelezo. Labda wanabadilishana. Labda Sele ataingia duru za mwisho. Si alisema nitamwona baadaye?

Baada ya duru ya tano mchezo ulisimama ili udongo usawazishwe. Lango la pembeni lilifunguliwa, wakatoka wanaume wawili wenye ovaroli za kijivu wakikokota reki pana. Wa pili alikuwa Sele.

Alikuwa anakokota kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuweka tu juu ya mpini, hauvuti, umekunjwa karibu na kifua. Alizunguka kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili, vile vituo ambavyo mpigaji hukimbilia, akafuta alama za viatu, kisha akaenda kwenye tuta la mrushaji, akapiga goti, akajaza kwa kiganja shimo alilochimba Lwazi kwa mguu. Alilishindilia vizuri. Lwazi alimpiga bega kwa upole akipita. Sele hakuinua macho hata mara moja kutazama jukwaani, na mimi niliyetumwa kumtazama niliinamisha kichwa, nikashindwa kumtazama.

“Minaomba usimukasirikie, dada,” Maman Clarisse alisema. “Alikosa namna ya kukuambia. Akasema, bora aone na macho yake.”

Ndipo aliponieleza. Miaka mitatu nyuma Sele alikuwa anapaka rangi nyumba ya mtu, ngazi ikateleza, akaangukia bega. Vibali vyake vya kuishi vilikuwa vimekwisha muda, akaogopa kwenda hospitali wasije wakamuuliza karatasi. Alijifunga kitambaa akangoja. Alipokwenda, mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Mkono ule haupiti usawa wa kidevu. Klabu ilimhurumia ikampa kazi ya kutunza uwanja, na siku nyingine anafagia ngazi za maghorofa huko Overport.

Nilihesabu kimoyomoyo. Miaka mitatu ya Jumapili.

Mechi iliendelea, na lazima niwaambie ilivyokwisha kwa sababu ina uzito. Wenyeji walikuwa mbele mbili kwa moja mpaka duru ya tisa. Wageni walikuwa na mtu mmoja kituoni na mpigaji mmoja tu zaidi akitolewa mchezo umekwisha. Lwazi akatupa ule mpira wake wa kuzama, lakini alikuwa amechoka, na haukuzama. Mpigaji aliupiga ukaruka juu ya uzio, ukaenda kugonga paa la gari huko nje. Watu wawili wakazunguka vituo vyote na kurudi pale pa kupigia, ambako kila anayefika huhesabiwa pointi: tatu kwa mbili. Wenyeji walipopata zamu yao ya mwisho hawakufanya kitu. Lwazi alikaa chini kwenye nyasi amejifunika taulo. Watu wakaanza kuondoka jukwaani.

Saa tisa alasiri. Nilimkuta Sele nyuma ya banda la vifaa anaosha reki. Hakuna aliyemwamkia mwenzake. Nilimwomba anionyeshe mkono, akajaribu kuuinua, ukafika usawa wa kidevu ukagoma. Nililia. Yeye hakulia. Aliniambia mwanzoni alidhani utapona, kwa hiyo Jumapili ya kwanza alimsimulia Baba mechi ya Lwazi ili Baba asikose. Ya pili vivyo hivyo. Baadaye hakupata Jumapili ya kusimama na kusema.

Tukiwa hapohapo simu yangu iliita. Alikuwa Baba, ameshindwa kungoja kesho. Alitaka kujua nimeona nini. Nilimtazama Sele. Sele alinyoosha mkono wake mzima akaichukua simu.

“Shikamoo, Baba. Tumeshindwa. Kosa ni langu.”

Akamsimulia. Alisema kila kitu kama kilivyokuwa, duru kwa duru, na alipofika kwenye ule mpira wa mwisho sauti yake ilikatika kwelikweli. Niliona machozi yakimtoka mdogo wangu kwa mpira aliourusha mtu mwingine. Nami nilisikia sauti ya Baba ndogo ndani ya simu, ikimbembeleza.

“Hata mkono mzuri hupigwa, mwanangu. Upumzishe. Wiki ijayo ni siku nyingine.”

Alipomaliza aliniomba nisimwambie Baba. Sikuitikia wala sikukataa. Yeye alichukua ukimya wangu kuwa ahadi, na mimi nilimwachia achukue hivyo.

Jumapili na Jumatatu nilimsihi arudi nyumbani. Tulitembea ufukweni, tukakaa kwenye benchi, nikasema yote niliyoyajua. Nilimwambia Baba hana siku nyingi. Alinijibu kwa utulivu kwamba akivuka mpaka na karatasi zile atazuiwa asirudi kwa miaka, na nyumbani anasubiriwa mrushaji, si yeye. Nilisema anasubiriwa Selemani. Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wanapotoa jibu wanalodhani mwalimu analitaka.

Jumanne alinisindikiza kituoni. Maman Clarisse alinifungia vitumbua na kunishonea mfuko wa kubebea. Basi lilipotoka Sele alipunga mkono wa kushoto. Nilirudi kwa njia ileile, mipaka ileile, na sina cha kusimulia kuhusu njia hiyo, kwa kuwa muda wote nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Kabla ya kufika Mbeya nilikuwa nimeamua. Niliona uongo ndio unaomfunga kule. Baba akijua, nilijiambia, atamwambia rudi ulivyo, na Sele hajawahi kulivuka neno la Baba.

Morogoro, Jumapili asubuhi. Baba alikuwa barazani amevaa shati safi. Alinikalisha, akaniuliza habari za kiwiko. Nilimwambia ukweli wote, ngazi, bega, reki, Lwazi. Nilisema taratibu, nikamshika goti lake zima. Nilipomaliza alisema amesikia, akaomba maji.

Jioni simu iliita kwa saa yake. Baba aliiweka sikioni. Kwa kitambo alimsikiliza Sele akianza mechi ya jana, kisha akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Na bega, mwanangu, linakuumaje?”

Baba aliita jina lake mara mbili. Aliendelea kuishika simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika, na nilipoichukua mkononi mwake nilikuta anataka kusema jambo na hajapata wa kumwambia. Nilimpigia Sele usiku ule na siku zilizofuata. Namba haikupatikana. Baada ya wiki mbili Maman Clarisse aliniambia kwamba Sele amehama, ameacha godoro, na hata uwanjani hajaonekana. Alikuwa ameuliza kwa Watanzania wa Overport na kwa Warundi wa sokoni, hakuna aliyejua.

Hiyo ni Desemba iliyopita, sasa tuko Agosti. Ikifika Jumapili jioni Baba hutaka nimtoe barazani na kumwingiza ndani mapema. Siku moja nilimwambia kwamba nilifanya kwa nia njema, nilitaka arudi. Hakugombeza.

“Najua,” alisema. “Lakini mimi nilikuwa naye kila wiki, Rehema. Ungeniachia.”

Watu waliosafiri huulizwa wamejifunza nini. Mimi nimejifunza kwamba ukweli una mwenyewe, na ule haukuwa wangu kuubeba. Nilidhani nimetumwa kuleta habari. Baba hakuwa na upungufu wa habari. Alikuwa na mtoto aliyempigia simu kila Jumapili, na mtoto alikuwa na baba wa kumwambia upumzishe mkono, na baina yao hakukuwa na kilichopungua ila mkono wenyewe. Nilisafiri siku tano kwenda na siku tano kurudi, nikatia mkono wangu kati.

Mwezi ujao shule zikifungwa nitapanda tena basi la Tunduma. Sijui nitaanzia mtaa gani. Baba hajaniomba niende, na safari hii hakuna alichoniagiza nitazame.